Kwa Rehema, kuhusu kitovu cha mwanao

Raskazone, Tanga
9 Februari 2025

Mwanangu Rehema,



Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti, na vile vijitabu ulivyonipigia picha nimevisoma mpaka maandishi madogo ya mwisho. Nilivyokuelewa ni hivi. Kwenye darasa la wajawazito hapo Dubai alikuja mtu wa kampuni, akawaambia kwamba kitovu cha mtoto kimejaa seli shina zinazoweza kugeuka kuwa moyo, ini, ubongo, kiungo chochote. Akasema kikitupwa mmeitupa tiba ya mwanenu, na kwamba mkilipa mapema watavigandisha vyote, damu ya kitovu na nyama yake, kwa miaka 25. Wewe umeshtuka, mumeo Salim anataka jibu la ndiyo au hapana, na mmekubaliana mniulize mimi.

Jibu ninalo, ila nataka ulipate pamoja na sababu zake. Hizo ni pesa zenu, na huyo ni mtoto wenu. Tena kukuza seli ndiyo kazi iliyoniweka Uingereza mpaka nikastaafu. Seli za ngozi na seli za kitovu nimezikuza kwa mikono hii, katika kabati moja la joto, kwa hiyo mengi ya nitakayokueleza nimeyaona kwa macho.

Tuanze na kitovu chenyewe, kamba yote inayotoka tumboni mwa mtoto hadi kwenye kondo la nyuma. Ukiikata kwa wembe ukautazama mkato wake, unaona matundu matatu. Kubwa ni la vena, inayomletea mtoto damu yenye oksijeni. Mawili madogo yenye kuta nene ni ya ateri, zinazoirudisha damu kwenye kondo. Pembeni mwa mishipa hiyo pamejaa ute mzito, mweupe wa kung'aa, unaoteleza kidoleni lakini hauchuruziki. Ute huo ndio unaoikinga mishipa isibanwe mtoto anapojigeuza. Thomas Wharton, daktari wa London, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1656, na hadi leo unaitwa ute wa Wharton. Nje kabisa pana utando mwembamba, na ukiufuata kwa kidole hadi tumboni mwa mtoto, unakuta umeungana moja kwa moja na ngozi yake.

Sasa shika jambo hili, maana kijitabu chenu kimelifunika. Kitovu kina seli za aina mbili tofauti wanazoziuza kwa jina moja. Zipo zilizo ndani ya damu iliyobaki mishipani, na zipo zilizo katika ule ute. Kila aina ina historia yake, na ushahidi wa moja huwezi kuubandika kwenye nyingine. Nitaanza na za ute, kwa kuwa ndizo wanazowatoza nyongeza chini ya kichwa cha nyama ya kitovu.

Kuzikuza ni kazi ya subira. Unakiosha kitovu, unaichomoa mishipa, ute unaubakiza na kuukatakata vipande vya milimita moja au mbili. Unavipanga kwenye sakafu ya chupa bapa ya plastiki, unamimina lishe ya rangi ya waridi kwa uangalifu visielee, kisha unaiweka chupa katika kabati la nyuzi joto 37. Siku za kwanza huoni kitu. Juma la pili, ukiitia chupa chini ya hadubini, unaona ukingoni mwa kipande seli zimeanza kutambaa kutoka nje, nyembamba, ndefu, zimechongoka ncha zote mbili. Siku zikipita zinaongezeka na kujipanga kwa mkondo mmoja, kama dagaa wanavyogeuka pamoja majini. Zikishakuwa nyingi, ile lishe ya waridi inageuka manjano kwa tindikali zinayoitoa, nawe unajua ni wakati wa kuzigawa katika chupa mpya. Kila mara nilipoona zimeanza kutoka nilifurahi, na furaha hiyo haikunichosha hadi siku ya mwisho kazini.

Halafu chukua kipande cha ngozi ya mkono wa mtu mzima, mtu wa umri wangu. Kikate vilevile, kipange vilevile, kisubiri vilevile. Zitakazotambaa kutoka ni nyembamba, ndefu, zimechongoka ncha mbili, na zinajipanga mkondo mmoja. Ziweke chupa hizo mbili mezani bila lebo, na mtaalamu wa miaka mingi hatathubutu kukuapia ipi ni ya kitovu na ipi ni ya ngozi.

Hizo za ngozi zinaitwa fibroblasti. Zinakaa katika tabaka la chini la ngozi, zinatengeneza kolajeni inayoipa ngozi uimara, na ukijikata ndizo zinazokimbilia kuziba. Lile kovu la gotini mwako, la siku ile ulipoteleza kwenye ngazi za bandarini, ni kazi yao. Wewe mwenyewe sasa hivi unazo mamilioni kwa mamilioni.

Najua Salim atasema kufanana sura si kufanana asili. Ni hoja nzuri, na wanasayansi wenyewe waliiuliza. Kwa hiyo nikupe historia kidogo.

Miaka ya 1960 na 1970, Alexander Friedenstein wa Moscow alikuta katika uloto wa mifupa seli chache zinazonata kwenye chombo, zinazofanana na fibroblasti, na ambazo zikirudishwa mwilini mwa mnyama zinaweza kutengeneza mfupa. Ulikuwa ugunduzi mkubwa, nao yeye aliueleza kwa tahadhari. Mwaka 1991, Arnold Caplan wa Cleveland, Marekani, akazipa seli za namna hiyo jina la seli shina za mesenkima. Jina likapendwa. Watu wakaanza kuzitafuta kwingine: kwenye mafuta ya tumbo, kwenye meno ya watoto, kwenye kondo, kwenye ule ute wa kitovu. Kila walikotafuta walizipata, na hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu ajiulize.

Mwaka 2006, Jumuiya ya Kimataifa ya Tiba ya Seli ilitoa masharti ya chini kabisa ya kuiita seli kwa jina hilo. Inate kwenye plastiki. Juu ya uso wake iwe na protini tatu zinazojulikana kama CD73, CD90 na CD105, na isiwe na alama za seli za damu. Na maabarani, ikipewa vichocheo vinavyofaa, iweze kutengeneza mfupa, gegedu na mafuta. Seli za ute wa kitovu zinafaulu mtihani huo. Lakini hata fibroblasti za ngozi zina alama hizohizo tatu, na katika tafiti kadhaa zimefaulu mtihani wote. Mwaka 2007, Muzlifah Haniffa na wenzake wa Newcastle walionyesha kuwa fibroblasti za ngozi ya mtu mzima zinatuliza seli za kinga sawasawa na zile za uloto zilizopewa jina kubwa, na zinatengeneza mfupa, gegedu na mafuta zikielekezwa. Miaka miwili baadaye kundi hilo likachapisha makala ambayo kichwa chake kiliuliza waziwazi kama hizi seli shina za mesenkima si fibroblasti zilizovikwa nguo mpya. Mwaka 2017 Caplan mwenyewe, aliyelitoa jina, akaandika kwamba wakati umefika wa kulibadilisha, kwa kuwa linawafanya wagonjwa waamini kitu ambacho seli hizo hazikifanyi. Ninamheshimu sana kwa hilo. Si wengi wanaosimama hadharani kulikana jina lililowapa umaarufu.

Lakini nisikudanganye upande wa pili. Kufanana sana si kuwa kitu kimoja. Mwaka 2002, Howard Chang na wenzake wa Stanford walilinganisha fibroblasti zilizotolewa sehemu mbalimbali za mwili. Ingawa machoni zilikuwa sawa, jeni zilizokuwa zikifanya kazi ndani yake zilitofautiana kulingana na mahali zilikotoka, na tofauti hiyo ilidumu hata baada ya kukuzwa nje ya mwili. Seli ya unyayo ilibaki na kumbukumbu ya unyayo, ya kichwani vivyo hivyo. Kwa hiyo seli ya kitovu nayo ina kumbukumbu ya kwao. Halafu ni changa. Leonard Hayflick wa Philadelphia alionyesha mwaka 1961 kwamba fibroblasti za binadamu hazigawanyiki milele: za kijusi zilijigawa kama mara 50 zikakoma, na za watu wazima hukoma mapema zaidi. Seli za kitovu zina umri wa ujauzito tu, kwa hiyo zina safari ndefu mbele yao. Nilizipenda kwa hilo. Ulikuwa unazigawa na kuzigawa, zile za ngozi ya mzee zimeshachoka na kutandaa, hizi bado zinakwenda. Na mchanganyiko wa kemikali zinaoutoa kwenye lishe si sawa kabisa na wa ngozi. Ndiyo maana watafiti wa kweli wanaendelea kuzichunguza, na mimi nawaombea wafanikiwe.

Lakini uchanga si uwezo wa kuwa chochote. Hapo ndipo yule mtu wa darasani alipovuka mpaka. Seli za ute wa kitovu hazigeuki kuwa moyo wala ini mwilini mwa mtu. Zikichomwa kwenye mshipa, nyingi hukwama mapafuni, na baada ya siku chache huzioni tena. Faida inayoonekana pale inapoonekana hutokana na kemikali zinazozitoa kabla hazijafa, hasa za kutuliza kinga iliyochachamaa. Mwezi Desemba 2024, Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza dawa ya seli za kundi hili, kwa watoto waliopandikizwa uloto kisha seli za mgeni zikaanza kuushambulia mwili wao, na dawa za kawaida zikashindwa. Ni habari njema kwa watoto hao. Ila tazama seli zilitoka wapi: kwenye uloto wa watu wazima waliojitolea, wasiojuana hata kidogo na wagonjwa. Korea Kusini nako, tangu 2012 wana matibabu ya gegedu ya goti yanayotumia seli za kundi hilo zilizokuzwa kutoka damu ya vitovu vya watoto wengine. Sasa nijibu, Rehema. Kama hata pale zinapofanya kazi hutumika za mtu baki, kuna haja gani ya kulipia miaka 25 ili mwanao awe na zake?

Na kama hofu yenu ni kwamba siku moja atahitaji seli zake mwenyewe zenye uwezo wa kuwa kiungo chochote, hapo ngozi imekishinda kitovu zamani. Mwaka 1962, John Gurdon wa Uingereza alichukua kiini cha seli ya utumbo wa ndubwi wa chura wa Afrika, akakiingiza katika yai lililotolewa kiini chake, akapata ndubwi mpya. Akaonyesha kwamba seli iliyokwisha kuchagua kazi haijapoteza maelekezo ya kutengeneza mwili mzima. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Kyoto, pamoja na Kazutoshi Takahashi, wakachukua fibroblasti za panya, wakaziongezea jeni nne tu, zikarudi nyuma mpaka hali inayokaribia ya kiinitete. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa fibroblasti za ngozi ya binadamu. Gurdon na Yamanaka wakapewa Nobeli ya 2012. Seli ile ile nyembamba iliyochongoka ncha mbili, niliyokuonyesha ikitambaa kutoka kwenye ngozi ya mzee! Nilikuwa kazini habari ya ugunduzi huo wa Yamanaka ilipofika, na maabara nzima tuliacha tulichokuwa tukifanya tukausoma ule utafiti kwa zamu.

Septemba 2014, huko Kobe, Japani, kundi la Masayo Takahashi lilichukua ngozi ya mama mmoja wa zaidi ya miaka 70 aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona, wakairudisha nyuma kwa njia hiyo, kisha wakaikuza mbele tena hadi ikawa tabaka la seli za retina, wakalipandikiza jichoni mwake. Macho hayakurudi kuwa ya ujana, lakini ugonjwa haukuendelea katika jicho hilo, na seli hazikugeuka saratani. Wakalisema hivyo, bila kuongeza chumvi. Mgonjwa wa pili walimwahirisha kwa sababu waliona mabadiliko ya jeni kwenye seli zake na hawakutaka kubahatisha. Linganisha na yaliyotokea mwaka 2015 katika jimbo la Florida: wanawake watatu wazee wenye ugonjwa wa jamii hiyo walichomwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya tumbo lao, macho yote mawili siku moja, baada ya kulipa. Wote watatu waliumia vibaya, mmoja akawa kipofu kabisa. Maneno kwenye matangazo yalikuwa yaleyale, seli shina.

Hapo naingilia ile sindano ya uso ya seli shina uliyoitaja katika ujumbe wako, anayoisifia rafiki yako. Mwambie asubiri. Mwaka 2018 huko Marekani watu 12 walilazwa hospitalini kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa zilizouzwa kama seli shina za damu ya kitovu, kwenye viungo na mgongoni. Bakteria walikutwa hata katika vichupa ambavyo havijafunguliwa. Uso wake umeshajaa fibroblasti za kwake, safi, zisizo na bakteria wa mtu.

Sasa damu ya kitovu, na hapa ninabadilisha sauti, kwa maana huku tiba ipo kweli.

Katika damu inayobaki kwenye kitovu na kondo kuna seli zinazotengeneza damu yote ya mwili: nyekundu, nyeupe, chembe sahani. Hizi hazifanani na seli za ngozi hata kidogo. Ni duara, zinaelea, hazinati. Oktoba 1988, mjini Paris, Eliane Gluckman alimpandikiza mvulana wa miaka 5 kutoka Marekani, mwenye anemia ya Fanconi, damu ya kitovu cha dada yake aliyekuwa amezaliwa karibuni. Hal Broxmeyer wa Indiana ndiye aliyeichunguza na kuigandisha. Mvulana akapona ule ugonjwa wa damu na akakua akawa mtu mzima. Tangu hapo maelfu ya watu wametibiwa hivyo, wengi wao wenye saratani ya damu, na wengi kwa damu ya watoto wa watu wengine iliyohifadhiwa katika benki za umma.

Ona tena nani alimpa nani. Alikuwa dada kwa kaka. Damu ya kitovu cha mvulana mwenyewe isingemsaidia kitu, kwa kuwa ilikuwa na kasoro ileile. Ndiyo maana Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2017, kilihimiza benki za umma na hakikupendekeza kujiwekea binafsi kama bima, isipokuwa pale ambapo tayari kuna ndugu mwenye ugonjwa unaotibika kwa njia hiyo.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nikuandikie barua ndefu badala ya kukutumia neno moja kwenye simu. Wewe unajua hali yako. Alipogundulika binamu yako Zuhura ana sikoseli, tulipimwa ukoo mzima, na wewe ulionekana una jeni moja. Huumwi, hutaumwa, lakini unaweza kumrithisha mtoto. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, wengine wakiwa katika nyumba ambazo hakuna aliyejua kama anaibeba. Mngefungia ndoa Dubai mngelazimika kupimwa kabla. Mmefungia Tanga, na nilipomuuliza mamako kama Salim amepimwa, hakuwa na jibu.

Kama Salim hana jeni hiyo wala kasoro nyingine ya hemoglobini, mtoto wenu hawezi kuwa na ugonjwa wa sikoseli. Kama anayo, kila mimba ina uwezekano wa moja katika nne wa kupata mtoto mgonjwa. Mtoto huyo akizaliwa mgonjwa, damu ya kitovu chake mwenyewe haitamtibu, hata ikihifadhiwa miaka 100, kwa kuwa imebeba sikoseli ileile. Anayeweza kumsaidia ni ndugu yake wa baba mmoja mama mmoja aliyezaliwa salama, na hata huyo uwezekano wa kulingana naye tishu ni moja katika nne. Wanapolingana, matokeo ni mazuri sana, yawe ya uloto au ya damu ya kitovu: katika takwimu zilizochapishwa 2013 na Franco Locatelli wa Italia na wenzake, takriban watoto 9 katika kila 10 wenye sikoseli waliishi bila ugonjwa. Na si lazima tena kuvuka bahari. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto wenye sikoseli uloto wa ndugu zao. Uloto huo unatolewa kwa ndugu aliye hai, siku unapohitajika, bila kuwa umelipiwa ghala kwanza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kijitabu hakikulitaja kabisa. Damu wanayotaka kuikusanya ni ya mtoto. Akizaliwa, kitovu bado kinapiga, na kikiachwa dakika moja hadi tatu kabla ya kubanwa, mtoto hupata kama mililita 80 hadi 100 za damu iliyoko kwenye kondo, pamoja na madini ya chuma yatakayomlinda na upungufu wa damu miezi yake ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linataka kisibanwe kabla ya dakika moja. Ukusanyaji unataka damu nyingi ibaki upande wa kondo. Huwezi kuwapa wote wawili, mtoto na kampuni, ya kutosha. Mimi ningempa mtoto.

Basi jibu langu ni hili. Nyama ya kitovu msilipe, hata wakiwapunguzia bei. Damu nayo msilipe kwa sasa. Salim akapime kwanza. Ni kipimo kidogo cha damu, majibu yake hayachukui muda, na unazo wiki za kutosha kabla ya kujifungua. Akitoka hana, mwambie mkunga wako mapema kwamba unataka kitovu kicheleweshwe kubanwa, na aliandike kwenye faili lako. Akitoka anayo, msiende kwa kampuni, nendeni kwa daktari bingwa wa damu, mtoto apimwe mara akizaliwa, na nipigie simu siku hiyohiyo, nami nitazungumza na daktari huyo nikihitajika. Mtoto akiwa mgonjwa, kuhifadhi damu ya kitovu cha mdogo wake atakayefuata litakuwa jambo la maana, na hapo mimi mwenyewe nitachangia gharama.

Mamako ananiambia nikukumbushe kwamba kile kipande kitakachodondoka tumboni mwa mtoto anakitaka, aje akizike uani kama alivyokizika chako. Hicho ni cha upande wa mtoto, hospitali hawakihitaji. Kiache kikauke chenyewe, usikipake mafuta wala majivu wala dawa usiyopewa na mkunga, na nepi uikunje chini yake kisilowe mkojo. Kikitoka kifunge kwenye kitambaa safi na umpe mwenzenu wa hapo, Mwanaidi, anayekuja huku mwezi wa Mei.

Msalimie Salim. Mwambie nasubiri majibu ya kipimo chake kabla ya mwisho wa mwezi huu, na kama maabara ya hapo wanasumbua, anitumie jina la kipimo wanachokitoa nimwambie kama kinafaa.

Wasalaam,
Shangazi yako,
Bi. Mwanakombo